Fosforasi ikae wapi? Habari ya njiti ya kiberiti

Chukua njiti moja ya kiberiti uitazame kichwani. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo ilipo fosforasi. Haipo. Fosforasi iko ubavuni mwa kiboksi, kwenye ule utepe wa kahawia wa kukwaruzia, na kichwa kimebeba mambo mengine kabisa. Vitu hivyo viwili vikikaa mbalimbali, unaweza kutembea na kiberiti mfukoni bila wasiwasi. Vikichanganywa vikiwa vikavu, hulipuka kwa kuguswa tu. Uvumbuzi wa karne nzima, pamoja na taya za wafanyakazi zilizooza na mgomo uliosikika London nzima, ulizunguka swali hilo: fosforasi ikae wapi, na iwe ya aina gani?

Ndani ya kichwa, ndani ya utepe

Karibu nusu ya uzito wa kichwa cha njiti, kati ya asilimia 45 na 55, ni potasiamu kloreti. Hii ni chumvi nyeupe iliyosheheni oksijeni. Ukiipasha joto la kutosha huvunjika, ikabaki potasiamu kloraidi na oksijeni ikatoka. Gramu 100 za kloreti hutoa takriban gramu 39 za oksijeni, na ndiyo maana kichwa huwaka kwa fujo namna ile: hakisubiri hewa ya nje, kimekuja na yake.

Oksijeni peke yake haiwaki. Inahitaji kitu cha kuunguza, na hapo ndipo inapoingia salfa kidogo, wanga kidogo na gundi ya wanyama, ile inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa. Gundi ina kazi mbili: inashikilia kichwa kisibomoke, na yenyewe inaungua pamoja na vingine. Sehemu nyingine kubwa, asilimia 20 hadi 40, ni unga wa glasi au wa silika, yaani madini ya mchanga. Unga huo hauungui. Kazi yake ni kuongeza msuguano na kupunguza kasi ya moto, maana bila kizuizi hicho kichwa kingepasuka badala ya kuwaka.

Kuna kiungo kingine kidogo ambacho mtu asiyejua angekitupa: zinki oksaidi au unga wa chokaa. Salfa iliyokaa muda mrefu huweza kuzaa asidi kidogo kidogo, na asidi ikikutana na kloreti hutoa gesi kali inayoweza kuanzisha moto. Zinki oksaidi au chokaa huiua asidi hiyo kabla haijafanya kazi. Rangi ya kichwa, iwe nyekundu, nyeusi au kahawia, haisaidii chochote katika kuwaka. Ni mapambo.

Utepe wa ubavuni ni rahisi kueleza: fosforasi nyekundu karibu nusu, unga wa glasi karibu robo, halafu gundi, masizi na kitu cha kuzima asidi.

Sasa kwaruza. Glasi ya kichwani na glasi ya utepeni zinasagana, na joto hupanda ghafla mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Chembe chache za fosforasi nyekundu hugeuka kuwa nyeupe. Tofauti ya ndugu hawa wawili ni kubwa mno: nyekundu huhitaji joto la nyuzi 240 hivi za Selsiasi au zaidi ili iwake, nyeupe huweza kujiwasha hewani kwenye nyuzi 30 tu. Wakati huohuo chembe za fosforasi zinasuguana na kloreti ya kichwani, yaani ule mchanganyiko hatari unatengenezwa hapohapo, kwa kiasi kidogo sana, na kulipuka hapohapo. Mlio wa *chwaa* unaousikia ndio huo. Cheche hiyo huivunja kloreti ya jirani, oksijeni inatoka, salfa na gundi vinashika, kichwa kizima kinawaka. Harufu inayochoma pua ni ya salfa dioksaidi.

Kichwa kimeshawaka, lakini kazi haijaisha. Moto wake ni mkali ila ni wa muda mfupi sana, na mti mkavu haushiki upesi hivyo. Kinachovusha moto kutoka kichwani hadi mtini ni nta ya parafini iliyonyonywa na ncha ya njiti. Joto la kichwa huiyeyusha nta, ikageuka mvuke, mvuke ukashika moto, na moto huo wa nta ndio unaopasha mti hadi nao uanze kuungua. Ukiona njiti iliyowaka kichwa kwa nguvu kisha ikazimika ikiacha mti mweupe chini yake, ujue nta haikutosha.

Mwisho wa safari kuna dawa isiyoonekana. Kabla ya kutiwa kichwa, njiti nzuri huloweshwa kwenye maji yenye amoniamu fosfeti. Dawa hii haizuii mwali. Inazuia kaa. Ukipuliza moto, njiti isiyo na dawa hubaki na kaa jekundu linaloendelea kujila polepole, na likidondoka kwenye nyasi au pipa la karatasi linaanzisha moto dakika kadhaa baadaye. Njiti yenye dawa hugeuka nyeusi mara moja na kubaki kipande kimoja kigumu kisichokatika. Mimi nikitaka kujua kama kiwanda kinajali, hicho ndicho ninachokitazama kwanza, kabla ya boksi na kabla ya rangi.

Kabla ya utengano

Vijiti vilivyopakwa salfa ni vya zamani sana. China, katika karne ya 10, Tao Gu aliandika juu ya vijiti vya msonobari vilivyolowekwa salfa ambavyo vilishika moto vikigusishwa na kaa dogo. Lakini hivyo vilihitaji kaa liwepo tayari. Havikuzaa moto, vilikuza ule uliokuwepo.

Mwaka 1669 Hennig Brand wa Hamburg, akitafuta njia ya kupata dhahabu, alichemsha mikojo mingi iliyochacha na kupata kitu cheupe kinachong'aa gizani: fosforasi nyeupe. Robert Boyle alionyesha mwaka 1680 kwamba fosforasi ikisuguliwa na kijiti chenye salfa huwaka. Kikemia jibu lilikuwa limeshapatikana, ila fosforasi ilikuwa ghali na hatari, na wazo likalala zaidi ya karne moja.

Jaribio lililofuata halikutumia fosforasi kabisa. Jean Chancel, mjini Paris mwaka 1805, alipaka ncha ya kijiti mchanganyiko wa potasiamu kloreti, salfa, sukari na gundi, kisha akakichovya kwenye chupa ndogo ya asidi ya salfuriki. Asidi na kloreti, wale wale ambao leo tunawatenganisha kwa zinki oksaidi, walikutanishwa kwa makusudi. Kijiti kiliwaka. Ubaya ni kwamba mtu alilazimika kutembea na chupa ya asidi. Samuel Jones wa London akaja na lake mwaka 1828: tone la asidi ndani ya kidonge cha glasi, kimefungwa kwenye karatasi yenye kloreti, na mtumiaji anakivunja kwa koleo. Wapo waliokivunja kwa meno.

Njiti ya kwanza ya kukwaruza iliyouzwa madukani ilitoka kwa mfamasia, John Walker wa Stockton-on-Tees, kaskazini mwa Uingereza. Aliigundua mwaka 1826 na daftari lake la mauzo linaonyesha mteja wa kwanza tarehe 7 Aprili 1827. Kichwa kilikuwa na potasiamu kloreti, antimoni salfaidi, gundi na wanga. Mteja alipewa kipande cha msasa kilichokunjwa katikati, akabana kichwa ndani yake na kuvuta njiti kwa nguvu. Ilinuka vibaya, ilirusha cheche, na wakati mwingine kichwa kilichowaka kilidondoka chini. Walker hakuchukua hataza, na haukupita muda mrefu wengine wakaiga.

Mwaka 1830 Mfaransa Charles Sauria aliondoa antimoni salfaidi akaweka fosforasi nyeupe. Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na naelewa kabisa kwa nini lilipendwa. Njiti sasa iliwaka kwa urahisi mno, popote: ukutani, kwenye soli ya kiatu, kwenye meza. Mhungaria János Irinyi aliituliza mwaka 1836 kwa kuweka dioksaidi ya madini ya risasi mahali pa kloreti, mlio wa kutisha ukaisha. Mtumiaji alikuwa na kila sababu ya kufurahi. Sumu ilikuwa kwa mtengenezaji, na pia kwa mtoto aliyelamba: boksi moja la njiti hizo lilikuwa na fosforasi ya kutosha kumuua mtu.

Taya

Wafanyakazi waliochanganya dawa, waliochovya njiti na waliozipanga kwenye maboksi walivuta mvuke wa fosforasi nyeupe kutwa nzima. Baada ya miaka, jino lilianza kuuma. Ufizi ulivimba, usaha ukatoka, jino lilipong'olewa kidonda hakikufunga, na mfupa wa taya ukafa ungali ndani ya mdomo wa mtu aliye hai. Harufu yake iliwatenga wagonjwa na watu wao. Tiba iliyokuwepo ilikuwa kukata taya. Wagonjwa wa kwanza walijulikana Vienna mwishoni mwa miaka ya 1830, na daktari Friedrich Wilhelm Lorinser aliueleza ugonjwa huo kwa maandishi mwaka 1845. Kwa hiyo hakuna mwenye kiwanda wa nusu ya pili ya karne ya 19 anayeweza kujitetea kwamba hakujua.

Na dawa ya tatizo ilikuwepo. Anton Schrötter, pia wa Vienna, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1840 kwamba fosforasi nyekundu ni fosforasi ileile katika umbo jingine, isiyotoa mvuke wa sumu na isiyojiwasha. Ila nyekundu ikichanganywa na kloreti kichwani, mchanganyiko hulipuka kiwandani. Ikabidi mmoja wao atoke kichwani. Msweden Gustaf Erik Pasch alikuwa ameshapata hataza ya njiti yenye utengano huo mwaka 1844, lakini bidhaa yake haikukamata soko. Ndugu wawili wa Jönköping, Johan Edvard na Carl Frans Lundström, ndio walioifanya itengenezeke kwa wingi, na mwaka 1855 ikapata medali kwenye maonyesho ya Paris. Arthur Albright wa Uingereza alikuwa ameanza kuzalisha fosforasi nyekundu kiwandani, na hilo liliwasaidia mno.

Kampuni ya Bryant & May ilinunua haki ya kuitengeneza Uingereza mwaka huohuo wa 1855, kisha ikaendelea kwa miongo kadhaa kuuza pia zile za fosforasi nyeupe, kwa sababu zilikuwa rahisi na wateja walizitaka. Julai 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda chake cha Bow, London, waligoma. Mwandishi Annie Besant alikuwa ameshatangaza hali yao katika gazeti: ujira mdogo, faini kwa makosa madogo, kulia chakula palepale penye fosforasi. Walishinda. Faini zilifutwa na chumba cha kulia kikatengwa. Lakini fosforasi nyeupe yenyewe iliendelea humo hadi mwaka 1901, na sidhani inafaa kusimulia ushindi wa mgomo bila kutaja miaka hiyo 13.

Kilichoimaliza ni mambo mawili pamoja. La kwanza ni kemia: mwaka 1898 Wafaransa Henri Sévène na Emile David Cahen walionyesha kwamba fosforasi seskwisalfaidi, yenye atomu nne za fosforasi na tatu za salfa, huweza kuwaka popote kama nyeupe bila kuozesha taya. La pili ni sheria. Finland ilipiga marufuku mwaka 1872, Denmark 1874, na mkataba wa kimataifa ukatiwa saini Bern mwaka 1906. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1908. Marekani, badala ya kukataza moja kwa moja, iliweka mwaka 1912 kodi ya senti 2 kwa kila njiti 100, kodi iliyozidi faida yote. Kampuni ya Diamond Match ilikuwa imeshaachia hataza yake ya seskwisalfaidi ili washindani nao waitumie. China ilikataza mwaka 1925.

Kutoka gogo hadi boksi

Mti unaopendwa ni aspeni na jamaa zake wa jamii ya mpopla: mweupe, laini, nyuzi zimenyooka, hauna utomvu mwingi, unanyonya nta vizuri. Gogo humenywa gome, hukatwa vipande, kisha huzungushwa mbele ya kisu kirefu kinacholikunjua kama utepe mpana wa mbao wenye unene wa milimita 2 hivi. Utepe hukatwakatwa kuwa njiti za milimita 40 hadi 50. Gogo likikauka mno kabla ya kukunjuliwa, mbao hupasuka na njiti hutoka zenye vibanzi. Ndiyo maana magogo hutunzwa na unyevu wake.

Njiti huloweshwa amoniamu fosfeti, hukaushwa, husuguana ndani ya pipa linalozunguka hadi vibanzi viishe, kisha huchomekwa kwenye bamba zenye matundu. Bamba husafiri polepole juu ya nta ya moto, halafu juu ya uji wa dawa ya kichwa. Uji huo hukaa vuguvugu: ukipoa gundi inaganda, ukizidi joto gundi inapoteza nguvu. Kloreti husagwa ikiwa ndani ya maji, kamwe si kavu pamoja na salfa. Kukausha ndiko kunakotaka subira kuliko yote. Hewa ikiwa ya moto na kavu mno, ngozi ya nje ya kichwa hukauka kwanza, ndani kukabaki kubichi, kisha kichwa kikinywea kinapasuka nyufa. Njiti yenye nyufa ndiyo inayorusha kipande cha moto usoni mwa mtu.

Ikikataa kuwaka

Funga boksi kabla ya kukwaruza. Cheche moja ikiingia ndani, njiti zote huwaka kwa pamoja. Shika njiti karibu na katikati, ilaze kidogo, sukuma kuelekea mbali na mwili kwa mwendo mmoja wa sentimita mbili au tatu. Ukiisimamisha wima itavunjika. Ikishawaka, inamishe kichwa kidogo ili mwali upande mtini, subiri harufu ya salfa ipite, ndipo usogeze kwenye mshumaa au jiko. Mwenye pumu asiiwashe karibu na pua.

Kichwa kikiacha alama ya rangi utepeni bila cheche, kina unyevu: gundi ya wanyama hunyonya maji hewani na kulainika. Kiberiti kilichopata unyevu wa hewa tu huweza kupona kikiwekwa siku moja au mbili kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na pakiti za jeli ya silika, zile za kunyonya unyevu. Usikiweke juu ya jiko. Kilicholowa maji hasa ni habari nyingine. Kloreti huyeyuka kwa kiasi majini, na kichwa kikikauka tena fuwele zake hujitenga na salfa, kwa hiyo hata kikionekana kizima mchanganyiko wake umeharibika. Kitupe.

Mara nyingi hata hivyo kosa si la njiti. Tazama utepe. Ukiwa umeng'aa au umebaki karatasi tupu, fosforasi imekwisha, na njiti mpya kabisa haitawaka. Tafuta sehemu ya pembeni isiyoguswa. Utepe uliolowa hufa kabla ya kichwa, hivyo anayehifadhi njiti kwenye chupa akate na kipande cha utepe mkavu akiweke humo kikitazama ukuta wa chupa, mbali na vichwa.

Kwa safari za mvua, yeyusha nta ya mshumaa ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, chovya kichwa na sentimita moja ya mti, inua, acha igande. Wakati wa kuwasha, kwangua nta ya kichwani kwa ukucha kwanza. Usipofanya hivyo nta hupaka utepe na kuuharibu kwa njiti zote zitakazofuata. Kwa upepo mkali kuna njiti za dhoruba, ambazo dawa imepakwa hadi zaidi ya nusu ya mti. Zina oksijeni yake njia nzima, huwaka sekunde kumi na kitu bila kujali upepo, na hazipulizwi zikazimika.

Zile za kuwaka popote, zenye ncha ya rangi tofauti juu ya kichwa, ndizo zenye seskwisalfaidi. Fosforasi imerudi kichwani, kwa hiyo zisiwekwe mfukoni zikiwa wazi, na zisitikiswe ndani ya kopo la bati. Kwenye ndege za abiria zimekatazwa kabisa. Kiberiti cha kawaida huruhusiwa pakiti moja ndogo mwilini mwa abiria, si ndani ya mzigo.